Kubadili Gasketi ya Kichwa cha Trekta kwa Mkono wa Asiye Fundi

Mkulima mwenye trekta huzijua siku za kulima kama mvuvi ajuavyo maji kupwa na maji kujaa. Katika nchi za juu za Uasin Gishu na Trans Nzoia, mahindi hupandwa mvua kubwa zianzapo, mwezi wa Machi au Aprili. Huko Iringa na Mbeya mvua hungojewa Novemba au Desemba. Mbegu iliyochelewa kutiwa ardhini hupungukiwa na mvua zake, na mavuno nayo hupungua. Kwa hiyo trekta ikilala katika majuma hayo, si chuma tu kilicholala. Ni chakula cha nyumba na karo za watoto.

Mojawapo ya maradhi yanayoilaza trekta kwa ghafula ni kuungua kwa gasketi ya kichwa cha injini. Watu wengi husikia habari hiyo kwa hofu, wakadhani kwamba ni kazi ya karakana kubwa peke yake. Hofu hiyo si ya bure, maana injini nyingi zimeharibiwa na mikono yenye haraka. Lakini mtu mtulivu, mwenye vyombo vichache na daftari, aweza kuifanya kazi hii nyumbani, hata kama hajapata kufungua injini maisha yake yote. Makala haya yaeleza njia yake. Tumechukua mfano wa trekta ya Massey Ferguson 135 ya dizeli, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, kwa kuwa imeenea sana katika mashamba yetu na muundo wake ni mwepesi kueleweka. Mwenye trekta ya namna nyingine atafuata mwendo ule ule, ila vipimo atavitafuta katika kitabu cha trekta yake.

Jambo moja twataka lishikwe tangu mwanzo: gasketi iliyoungua mara nyingi si mkosaji bali ni shahidi. Kuna kitu kilichoiunguza. Anayebadili gasketi asikitafute kitu hicho atairudia kazi ile ile kabla mahindi hayajafika magotini.

GASKETI NA KAZI YAKE

Injini ya trekta hii hutoka kwa Perkins, na jina lake ni AD3.152. Tarakimu 3 ni hesabu ya silinda. 152 ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo, yaani kama lita mbili na nusu. Sehemu ya chini, yenye silinda na pistoni, huitwa bloku. Sehemu ya juu, yenye vali na nozeli, ndiyo kichwa, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Kati ya vyuma hivi viwili hulazwa bamba jembamba lenye matundu mengi, nalo ndilo gasketi.

Bamba hilo hutenganisha vitu vitatu visivyopatana: moto, maji na oili. Katika injini ya dizeli hewa hukandamizwa zaidi ya mara 15 mpaka ijae joto la kuyawasha mafuta bila cheche yoyote. Nguvu hiyo yote hugonga ukingo wa gasketi. Sentimita chache kando yake hupita maji ya kupoza, na mahali pengine hupita oili ya kulainisha. Gasketi ikitoboka, moto huingia katika maji, au maji huingia katika oili, au silinda moja hupumulia katika jirani yake.

DALILI

1. Maji ya rejeta hupungua kila siku, wala huoni mahali yanapovuja.

2. Ukifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, kisha ukaiwasha, mapovu hutoka mfululizo kama chungu kinachochemka. Huo ni moto wa silinda unaosukuma hewa yake ndani ya maji.

3. Oili katika kijiti cha kupimia imegeuka rangi ya maziwa, tena imezidi kipimo chake.

4. Moshi mweupe hutoka katika ekzosi hata baada ya injini kupata joto.

5. Injini hukosa nguvu na kutetemeka, hasa ikiwa silinda mbili zilizo jirani zimeungana.

Usihukumu kwa dalili moja. Utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili waweza kuwa ni umande tu, katika trekta inayowashwa kwa muda mfupi na kuzimwa. Kadhalika, kichwa chenye ufa hutoa dalili zile zile za gasketi iliyoungua. Lakini ukiona maji katika oili, usiiwashe injini tena hata kwa kuihamisha tu, kwa sababu oili yenye maji hailindi beringi za kranki, na beringi zikifa gharama huwa kubwa mara nyingi.

TAFUTA ALIYEIUNGUZA

Kabla ya kugusa spana, chunguza kwa nini injini ilipata joto kupita kiasi.

Tazama uso wa rejeta. Makapi ya ngano, vumbi la mahindi na mbegu za majani hujaza mapezi yake, na hewa haipiti. Osha kwa maji, ukiyaelekeza kutoka upande wa feni kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia.

Tazama mkanda wa feni. Ukilegea huteleza, na pampu ya maji huzunguka polepole.

Tazama kifuniko cha rejeta, mpira wake na springi yake. Wengi hukidharau kwa udogo wake. Maji katika usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini Eldoret, iliyo kama mita 2,100 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko kizima huyabana maji, na kila ratili moja ya mgandamizo kwa inchi ya mraba huongeza kiasi cha nyuzi moja na nusu. Basi mkulima wa milimani aliyefunika rejeta kwa tambara amejinyima kinga hiyo, na maji yake yatachemka mapema kuliko ya mkulima wa pwani.

Tazama themostati. Kuna desturi ya kuiondoa na kuitupa, watu wakidhani kwamba injini itapoa vizuri zaidi. Injini isiyo na themostati hukawia kupata joto lake la kazi, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi hulika upesi na kula mafuta mengi. Iliyoharibika ibadilishwe, isiondolewe tu.

Mwisho, kumbuka maji yenyewe. Maji ya kijito au ya kisima cha chumvi huacha magamba ndani ya injini kama yaachavyo ndani ya sufuria, na magamba huzuia joto kutoka.

MATAYARISHO

Jitengee siku tatu, ingawa fundi angemaliza kwa muda mfupi kuliko huo. Chagua mahali penye kivuli pasipo na vumbi la kupepetwa. Kusanya spana na soketi, rula ya chuma iliyonyooka, vibati vya kupimia nafasi, vitambaa safi, vikopo vya kuwekea nati, daftari na kalamu. Azima kwa jirani au kwa chama cha ushirika spana ya kupimia nguvu. Spana hii si anasa. Mkono wa mtu hauwezi kupima kwa kukisia. Asubuhi huvuta kwa nguvu na jioni huvuta kwa uchovu. Asiyeweza kuipata na asianze kazi.

Nunua gasketi mpya, washa mpya za shaba za nozeli, oili mpya na kichujio chake. Linganisha gasketi mpya na ile ya zamani tundu kwa tundu kabla ya kufunga chochote. Kichwa kikisha kunyanyuliwa, gasketi ya zamani isirudishwe, hata ikionekana nzima.

KUFUNGUA

Injini iwe baridi kabisa. Asifungue mtu kifuniko cha rejeta yenye moto, maana maji yaliyobanwa huruka na kumbabua uso. Wala asitie maji baridi katika injini iliyopata moto kupita kiasi, kwa kuwa chuma hupasuka kama chungu.

Fungua waya za betri. Mwaga maji, mwaga na oili. Ondoa boneti, kisha tangi la mafuta lililokaa juu ya injini. Fungua mipira ya maji, manifodi na mabomba ya nozeli. Kila bomba la mafuta lililofunguliwa lizibwe papo hapo kwa kitambaa safi kisichochambuka au kwa kizibo chake. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho yatosha kuharibu nozeli.

Toa kifuniko cha vali, kisha roka pamoja na mtaimbo wake, ukilegeza nati zake zote kidogo kidogo. Chini yake utaziona fito za kusukuma vali. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kitoboe matundu sita, yaandike 1 mpaka 6, na uchomeke kila ufito katika tundu lake. Ufito na vali vimezoeana, navyo havipendi kubadilishiwa majirani. Andika katika daftari kila unachokitoa kwa mpango. Siku ya kurudisha utafuata daftari kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Sasa legeza nati za kichwa. Usiimalize nati moja ukaifuata nyingine. Anza na za pembeni, uingie katikati, kila moja robo ya mzunguko, mpaka zote ziwe huru. Kichwa ni kizito. Kinyanyuliwe na watu wawili, moja kwa moja juu. Kikikwama, kigongwe kwa kipande cha mti. Mtu asiingize patasi kati ya vyuma viwili, kwa maana alama itakayobaki itakuwa njia ya maji baadaye. Kikisha kutoka, kiwekwe juu ya vipande vya mbao, ili ncha za nozeli zisigonge chini.

KUMHOJI SHAHIDI

Hapa ndipo wengi hukimbilia kukwangua. Wewe keti kwanza uisome gasketi ya zamani. Mstari mweusi uliovuka kutoka silinda hadi silinda, au kutoka silinda hadi tundu la maji, waonyesha njia aliyopita moto. Kutu pembezoni mwa matundu ya maji yaonyesha kwamba maji yalikuwa machafu au hayakuwa na dawa ya kuzuia kutu. Ikiwa gasketi imeungua upande mmoja tu, shuku nati za upande huo au kichwa kilichopinda. Pistoni moja iking'aa kama iliyooshwa huku nyingine ni nyeusi kwa masizi, ujue huko maji yalikuwa yakiingia. Yaandike yote haya.

Tahadhari moja ya afya. Gasketi nyingi za miaka iliyopita zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa pumzini huleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Kwa hiyo usikwangue gasketi ya zamani ikiwa kavu, usiipulizie hewa, wala usitumie brashi ya waya ya mashine. Ilowanishe kwanza, iondoe ikiwa na unyevu, uifunge katika mfuko na uizike mbali na watoto.

KUSAFISHA NA KUPIMA

Ziba silinda na matundu yote kwa vitambaa. Kwangua mabaki kwa kipande cha mti mgumu au shaba nyeupe, si kwa kisu. Msasa nao haufai. Mchanga wake huanguka ndani na kuula mwili wa silinda. Nyuzi za bolti zisafishwe mpaka nati iingie kwa vidole. Na katika injini ambayo bolti zake huingia katika matundu yasiyotokeza upande wa pili, hakikisha kwamba hayana oili wala maji, maana bolti ikikaza juu ya maji yasiyo na pa kwenda, bloku hupasuka.

Kisha lipo jaribio la rula, ambalo ndilo linaloamua kazi nzima. Simamisha rula kwa ukingo wake juu ya uso wa kichwa: kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe. Jaribu kupitisha kibati cha milimita 0.10, yaani unene wa karatasi ya kuandikia, chini ya rula. Kikipita, kichwa kimepinda na hakifai kufungwa kama kilivyo. Fanya hivyo hivyo juu ya bloku. Kitabu cha injini yako kikitaja kipimo kikali zaidi, kitabu ndicho kifuatwe.

Tazama pia kati ya vali na vali, na karibu na matundu ya nozeli, kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Usiidharau nyufa yoyote. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAZI AMBAYO SI YAKO

Mwanafunzi mwema hujua mpaka wake. Kichwa kilichopinda husawazishwa kwa mashine. Kichwa kinachoshukiwa kuwa na ufa hupimwa kwa mgandamizo. Vali zilizoungua na viti vyake huhitaji vyombo maalumu. Kazi hizi zipelekwe karakana. Lakini angalia faida uliyopata: unampelekea fundi kichwa peke yake, kimesafishwa, nawe waweza kumwambia, "Fundi, kimepinda hapa katikati, naomba ukisawazishe na kukipima kama kina ufa." Hutalipia siku za kufungua na kufunga, wala trekta haitavutwa kwa kamba hadi mjini.

KUFUNGA

Ondoa vitambaa vyote, ukivihesabu. Pangusa nyuso mbili mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Laza gasketi mpya ikiwa kavu, bila gundi wala grisi, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo. Alama ya upande wa juu au wa mbele ifuatwe. Gasketi iliyogeuzwa yaweza kuziba njia ya maji au oili, na injini ikafa siku ile ile.

Shusha kichwa taratibu. Tia tone la oili katika nyuzi za bolti, kisha kaza nati kwa vidole. Baada ya hapo shika spana ya kupimia nguvu. Ukivuta kwa nguvu ya ratili 30 mwishoni mwa mkono wa futi moja, umekaza ratili-futi 30. Kiasi kamili cha injini yako kimeandikwa katika kitabu, usikiulize njiani. Kaza kwa awamu tatu: kwanza theluthi ya kiasi hicho, kisha theluthi mbili, kisha chote. Katika kila awamu anzia nati za katikati ukizunguka kwenda nje, kama jongoo anavyojikunjua. Ukianzia pembeni, katikati hubaki uvimbe, na moto utapita papo hapo.

Rudisha fito kila mmoja mahali pake, kisha roka. Pima nafasi ya vali. Kwa injini hii, ikiwa baridi, ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30. Vali inapopimwa iwe imefungwa kabisa, na kibati kiteleze kwa kukwama kidogo. Rudisha nozeli na washa zake mpya, manifodi, mabomba na tangi. Tia oili mpya na kichujio kipya. Jaza maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu, na ikiwa huna maji mazuri, tumia ya mvua yaliyochujwa.

KUWASHA

Mabomba ya mafuta yameingia hewa, na dizeli yenye hewa haiwaki. Legeza skrubu za kutolea hewa katika kichujio na pampu, sukuma kwa pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha kaza. Washa injini, uiache iende polepole. Tazama presha ya oili kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Kisha tazama maji, na uchunguze ungio lote la kichwa kama linatoa jasho.

Ipate joto lake la kazi. Gasketi za zamani hukaa sawa baada ya joto la kwanza, ndiyo sababu vitabu vingi vya injini hizi huagiza nati zikazwe tena na nafasi ya vali ipimwe upya. Baadhi ya gasketi za siku hizi hazihitaji kukazwa tena. Soma karatasi iliyokuja nayo. Siku ya kwanza trekta ifanye kazi nyepesi, kama kuvuta tela tupu, kabla ya kupewa plau. Asubuhi ya pili pima maji na oili ikiwa baridi. Yakiwa palepale, na oili ina rangi yake, kazi imekubali.

MAMBO YA KUSHIKWA

1. Oili ikigeuka maziwa, zima injini na usiiwashe tena.
2. Tafuta sababu ya joto kabla ya kununua gasketi.
3. Usianze bila spana ya kupimia nguvu na kitabu cha injini.
4. Lowanisha gasketi ya zamani kabla ya kuikwangua.
5. Kichwa kisichopimwa kwa rula kisifungwe.
6. Legeza kutoka nje kwenda katikati. Kaza kutoka katikati kwenda nje.
7. Presha ya oili itazamwe kwanza, kila mara.

Kazi hii yafaa ifanywe katika miezi ya kiangazi, dalili za kwanza zionekanapo, wala isingojewe mpaka mawingu yakusanyike. Mwenye trekta na aketi jioni moja kila juma, apime maji, asafishe rejeta, aukaze mkanda wa feni. Hizo ni dakika 20 tu, nazo ni nafuu kuliko siku tatu za kufungua kichwa mvua ikinyesha juu ya shamba lisilolimwa.